Julius, Baba Aliyejua Bei ya Kila Kitu

Maziwa yamemwagika mezani. Mtoto amegonga glasi, kama watoto wanavyogonga glasi kila siku ya Mungu. Baba hapigi kelele. Anayatazama yanavyotambaa kuelekea ukingoni, kisha anataja thamani yake: senti 49 ndizo zinazodondoka pale, na afadhali ajitokeze mtu azinywe. Usiku ukifika anamwagiza mwanawe mkubwa achomoe saa ya umeme kwenye soketi. Aliyelala hana haja ya kujua ni saa ngapi, na kifaa hicho kinakula umeme wa senti mbili kila saa.

Huyo ndiye Julius, baba wa familia katika Everybody Hates Chris, komedi ya Kimarekani iliyoanza kurushwa tarehe 22 Septemba 2005. Hadithi inaanza mwaka 1982 katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant, Brooklyn, jijini New York. Kuna Chris, kijana wa miaka 13. Mdogo wake Drew, mrefu kuliko yeye na mwenye bahati kwa wasichana. Na Tonya, kitinda mimba anayejua kumchongea kaka yake. Kuna Rochelle, mama ambaye mtaa mzima unamheshimu na kumwogopa. Ni kumbukumbu za utoto za mchekeshaji Chris Rock, aliyeibuni kazi hii pamoja na Ali LeRoi, na sauti inayosimulia mwanzo hadi mwisho ni ya Rock mwenyewe. Wengi wenu mnaifahamu, kwa hiyo sitawachosha na mengine ya utangulizi.

Kilichonikaa kichwani kwa muda mrefu ni Brazil. Komedi hii ilitengenezwa na Wamarekani, kuhusu Wamarekani, kwa ajili ya chaneli ndogo ya Kimarekani iliyoitwa UPN. Usiku wa kwanza ilitazamwa na watu karibu milioni 8, idadi ambayo chaneli ile haikuwahi kuipata kwa komedi yoyote. Mwaka uliofuata UPN yenyewe ikafa, ikaunganishwa na nyingine kuwa The CW, watazamaji wakapungua, na tarehe 8 Mei 2009, baada ya misimu minne na sehemu 88, kazi ikafungwa. Kwao Marekani inakumbukwa kwa heshima ya wastani. Brazil, ambako ilirushwa bila malipo na televisheni ya Record ikiwa imetiwa sauti za Kireno, imerudiwa na kurudiwa mpaka imekuwa kama jamaa wa nyumbani. Vincent Martella, aliyeigiza Greg, rafiki wa Chris shuleni, amejikuta na wafuasi wa Kibrazil wengi mno, na amekuwa akiwaandikia kwa Kireno. Mwigizaji ambaye kwao anaweza kupita barabarani bila kusumbuliwa ni mtu mkubwa katika nchi ambayo si yake.

Na mpendwa wao kuliko wote ni Julius.

Kuna tamko lake moja ambalo limeacha kuwa la tamthilia. Mtu anamsifia punguzo la bei dukani, kwamba akinunua sasa atakuwa ameokoa fedha. Julius anajibu kwamba asiponunua kabisa, punguzo linakuwa kubwa zaidi. Basi. Anasema bila kutabasamu, kwa uso wa mtu anayeeleza kwamba maji huteremka mlimani. Kila Novemba, maduka ya Brazil yanapoanza kupigia debe punguzo la Black Friday, sura ya Julius na tamko hilo huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Ikatokea hivyo mwaka mmoja, ikatokea uliofuata, na leo ni sehemu ya msimu wenyewe kama yalivyo mabango ya madukani.

Nimeitazama tabia hii ya Julius sehemu baada ya sehemu, na kinachonivutia ni usahihi wake. Mwandishi mvivu angemfanya bahili wa kawaida, mtu mwenye mkono wa birika anayeficha noti chini ya godoro huku wanawe wakilala njaa. Julius hafichi kitu. Hana cha kuficha. Ana kazi mbili, ana watoto watatu, na fedha zinaingia na kutoka zote. Alichonacho ni hesabu. Anajua kipande cha mkate kilichobaki kwenye sahani ni cha senti ngapi. Anajua taa iliyoachwa ikiwaka chumbani inakula kiasi gani. Hasemi kwamba kitu ni ghali au rahisi; anataja tarakimu, na tarakimu huwa na senti zake za mwisho. Mtu hujua tarakimu namna hiyo akiwa amewahi kusimama dukani amepungukiwa na senti hizo hizo.

Kila nyumba ya Tanzania yenye mita ya LUKU inaye Julius wake, anayesoma yuniti zilizobaki kabla ya kulala na kuuliza nani ameacha pasi imechomekwa. Lakini hao ni wa nyumbani kwetu, tunawaheshimu na kuwanung'unikia kimyakimya. Kumweka mtu wa aina hiyo kwenye televisheni, umpe macho ya huruma na mabega mapana ya mwigizaji Terry Crews, kisha umwache awe sahihi mara nyingi kuliko anavyokosea, hilo ni jambo jingine.

Watazamaji hawakubaliani juu yake. Walioitazama wakiwa watoto wanakumbuka kumwona Julius kama kikwazo: Chris anataka viatu, Chris anataka fedha ya safari ya shule, na baba yuko mlangoni na hesabu zake. Wakiitazama tena wakiwa na kodi ya nyumba na ankara za umeme, wengi wanajikuta wamehamia upande wa pili wa meza. Maoni haya nimekutana nayo mara nyingi sana, kutoka kwa watu wa nchi tofauti, kiasi kwamba naamini ndiyo siri ya kazi hii kudumu. Wapo pia wasiomsamehe. Wanasema tunageuza umaskini kuwa mzaha, kwamba mtoto aliyekulia katika nyumba ambayo kila tonge lina bei hukua akiona aibu kuomba chochote. Siwezi kuwaambia wamekosea. Chris wa kwenye tamthilia kweli haombi mengi.

Kuna sehemu moja ya msimu wa kwanza ambayo ningempa mtu yeyote anayetaka kuamua. Julius anaokota kuponi za chakula, zile ambazo serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapa wenye kipato duni. Kwake ni chakula kilichoanguka kutoka mbinguni. Kwa Rochelle ni fedheha. Yeye ni mwanamke anayeweza kuacha kazi mchana wa leo na kumwambia bosi wake kwamba hahitaji manyanyaso hayo kwa kuwa mumewe ana kazi mbili; kusimama kwenye foleni ya dukani na kuponi mkononi mbele ya majirani ni kitu kingine kabisa. Hapo unaona kwamba katika nyumba ile kuna vitabu viwili vya hesabu. Cha baba kinaandikwa senti. Cha mama kinaandikwa hadhi, na hadhi nayo ina matumizi yake: sebule nadhifu, watoto waliochanwa nywele, watu wasijue. Waandishi hawakumpa ushindi mmoja wao kwa urahisi, nami nawashukuru kwa hilo.

Rochelle mwenyewe amegawa watazamaji vibaya zaidi. Tichina Arnold anamwigiza kwa nguvu ambayo ni vigumu kuondoa macho, na vitisho vyake vya kuwachapa wanawe vimejaa ubunifu mpaka vinakumbukwa kwa maneno yake. Kizazi kimoja kinacheka kwa sababu kimemtambua mama yake. Kizazi kingine kinauliza kwa nini tunacheka. Hali ni hiyo hiyo kwa Bi Morello, mwalimu mzungu wa Chris, anayedhani kila mtoto mweusi ana baba aliyetoroka na mama mlevi wa dawa, na anayatamka hayo kwa upole wote na mkono begani. Rock alipelekwa kweli kwa basi kwenye shule za mitaa ya wazungu, akapigwa kweli na wanafunzi wenzake. Kumfanya Bi Morello achekeshe ilikuwa kazi ngumu, na bado kuna watazamaji wanaoona amechekesha kupita kiasi.

Turudi Brazil. Maelezo ya haraka ya mapenzi yao ni rangi. Katika sensa ya mwaka 2022, zaidi ya asilimia 55 ya Wabrazil walijitaja kuwa weusi au machotara. Televisheni yao kwa miongo mingi haikuonyesha hivyo. Globo, chaneli kubwa kuliko zote, ilimweka mwanamke mweusi kuwa mhusika mkuu wa tamthilia yake ya kila siku kwa mara ya kwanza mwaka 2004, naye ni Taís Araújo. Mwaka mmoja tu kabla ya Julius. Familia nyeusi yenye baba, mama na watoto mezani, inayogombana juu ya mambo ya kawaida, ilikuwa haba kwenye skrini zao. Maelezo hayo nayakubali, lakini hayanitoshi. Yangetosha kueleza kwa nini walimpenda Chris. Hayaelezi kwa nini walikumbatia hasa hesabu za Julius.

Mimi nadhani jibu lingine liko kwenye miaka yenyewe. Tamthilia inakwenda kutoka 1982 hadi 1987. Miaka hiyo hiyo wazazi wa watazamaji wa Record walikuwa wakiishi na mfumuko wa bei ambao kwetu ni vigumu kuuwaza. Tarehe 28 Februari 1986 Rais José Sarney alitangaza sarafu mpya, cruzado, na kugandisha bei zote. Raia wa kawaida wakajiona wakaguzi wa rais. Akina mama walibandika beji kifuani, wakaingia madukani na orodha ya bei mkononi, wakalinganisha pakiti kwa pakiti, na mwenye duka aliyekutwa ameongeza bei aliweza kuona duka lake likifungwa huku umati ukishangilia. Taifa zima liligeuka Julius kwa miezi kadhaa. Kisha mpango ukaporomoka. Mwezi Machi 1990 pekee bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 80. Wafanyakazi wa maduka makubwa walipita kwenye rafu na vimashine vyao vya kubandika bei, na mnunuzi mjanja alikimbia mbele yao. Mshahara ukitoka, watu walinunua chakula cha mwezi siku hiyo hiyo, maana kesho fedha zile zingekuwa pungufu. Ilidumu hivyo hadi sarafu ya real ilipokuja Julai 1994.

Mtoto wa São Paulo au Salvador aliyeketi mbele ya televisheni mwaka 2008 hakuyaona hayo. Lakini alilelewa na watu walioyapitia. Alikuwa na baba au bibi ambaye hata leo hawezi kupita rafu bila kukumbuka bei ya wiki iliyopita. Julius alipotaja senti zake, mtoto yule hakuwa anamtazama Mmarekani. Sina namna ya kuthibitisha hili. Ni fikra yangu, na ningefurahi Mbrazil anisahihishe.

Kuna kitu kimoja kinachotatiza. Kazi hii imejengwa juu ya sauti ya Chris Rock. Ni mtu mzima anayeangalia nyuma, anamkatiza kijana wake wa zamani, anatoa siri ambazo wahusika hawazijui. Anajua kwamba Jerome, yule wa mtaani, atamwomba Chris dola moja tena leo na kesho. Anajua kwamba Bwana Omar, mzika maiti, anayelalamika kwamba mambo yanasikitisha, anakwenda kumfariji mjane kwa namna yake. Sauti ile nyembamba, kali, ya mtu aliyezoea majukwaa, ndiyo inayozuia huruma isigeuke uchungu. Brazil waliiondoa. Mwigizaji mwingine akasimulia kwa Kireno. Na huko huko ndiko mapenzi yalikokuwa makubwa zaidi. Waliokulia kwenye mabanda ya video ya Afrika Mashariki, wakimsikiliza Lufufu au DJ Afro akieleza filamu ya watu wengine kwa Kiswahili, hawatashangaa kwamba sauti ya pili inaweza kumiliki hadithi. Mimi bado najiuliza ni nini kilichobaki cha Rock ndani ya Chris wa Wabrazil.

Nadhani kilichobaki ni kitu kimoja cha usiku. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Julius anaondoka kwenda kazini na kumwambia Chris kwamba wataonana asubuhi. Msimulizi anaeleza hapo kwamba baba yake alikuwa mmoja wa akina baba wanne tu katika mtaa wao. Hakuwa mtu wa kumtamkia mtoto kwamba anampenda. Kusema wataonana asubuhi kulimaanisha kwamba anarudi nyumbani, na kurudi ndiko kulikokuwa kumpenda. Ukishasikia hilo, senti 49 za maziwa hazibaki zilivyokuwa. Ni saa ngapi za kazi zilimwagika pale mezani? Anayehesabu ndiye aliyekesha.

Rock alikuwa amemzungumzia baba huyu jukwaani kabla ya tamthilia. Mwaka 1999, katika onyesho lake Bigger & Blacker, alieleza kwamba baba aliyefanya kazi siku nzima hapati shukrani ya mtu nyumbani, ila kipande kikubwa cha kuku. Baba yake halisi aliitwa Christopher Julius Rock, dereva wa lori na msambazaji wa magazeti. Jina la mhusika limetoka hapo, wala halikufichwa. Mama yake, Rosalie, alikuwa mwalimu, na watoto katika nyumba ile halisi walikuwa wengi kuliko watatu. Aliyepewa kumwigiza Julius, Terry Crews, alikulia Flint, Michigan, na ameeleza hadharani kwamba baba yake alikuwa mlevi aliyempiga mama yake. Kwa hiyo baba tunayempenda kwenye skrini ameundwa na mwana aliyekuwa naye na mwigizaji aliyemkosa. Sijui ni yupi kati yao aliyempa Julius ule utulivu wake. Nahisi ni Crews, maana anamwigiza kama mtu anayejua vizuri kile ambacho baba anaweza kukataa kuwa.

Mwisho wa kazi hii bado unabishaniwa. Chris anaamua kuacha shule na kufanya ule mtihani unaompa mtu cheti kinacholingana na cha sekondari. Familia inaketi mgahawani ikisubiri matokeo, kwa mtindo ulioigwa waziwazi kutoka mwisho wa The Sopranos. Julius anaingia, na kabla matokeo hayajajulikana skrini inakuwa nyeusi. Wapo watazamaji waliokasirika, wakaona wameibiwa. Rock alieleza kwamba hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo yeye mwenyewe aliacha shule, na kwamba wakati wa kusimama ulikuwa umewadia.

Mimi naona kuna jambo jingine ndani ya tarehe. Tamthilia inasimama mwaka 1987. Christopher Julius Rock alifariki mwaka 1988. Mwanawe alikuwa bado hajaingia Saturday Night Live, alikoanza kujulikana mwaka 1990. Baba aliyejua bei ya kila kitu hakuwahi kuona mwanawe akiwa nyota. Msimu wa tano ungelazimika kwenda huko, na komedi ingelazimika kumzika. Je, waandishi walilikwepa kaburi lile kwa makusudi? Sijakuta mahali Rock alipojibu swali hilo. Ninachojua ni kwamba, kwa jinsi walivyosimama, Julius hafi. Anaingia mgahawani kila mara inaporudiwa, na Record wameirudia sana.

Hapa ndipo ninapowageukia waandishi wa tamthilia wa kwetu. Tumebarikiwa vichekesho vya familia: Kenya iliwapata Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi, Tanzania ikampata Mzee Majuto. Lakini karibu vyote ni hadithi za leo. Fikirini miaka ile ile ya Julius upande wetu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na vitenge vilikuwa habari ya taifa. Baba alitoka alfajiri kushika nafasi kwenye foleni ya duka la kaya na mama akampokea saa nne ili yeye aende kazini. Mwaka 1985 akaingia Ikulu Mzee Mwinyi, mitumba ikajaa, na watoto wakavaa viatu vilivyotoka nchi wasizozijua. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo nyumba zile hazikuonyeshwa popote, wala hazina cha kurudiwa. Waliokuwa na miaka 13 wakati ule sasa wamevuka 50. Wazazi wao, wale waliojua bei ya kila kitu, wanaondoka. Waandishi, kaeni nao mwaka huu, muwaulize sukari ilipatikanaje na nani alishika foleni, kisha mtuandikie.